Mzigo Hauongei

Boti ilipofika ufukweni, lori la barafu lilikuwa limeshaondoka, kwa mara ya tatu wiki hiyo. Nahodha alizima injini, akakaa juu ya nyavu. Mkewe akaja na beseni na kisu. Samaki waliokosa lori huparuliwa wakakaushwa, na wa kukausha huuzwa kwa bei ya huruma.

"Dereva kasemaje?" nahodha aliuliza.

"Kasema kesho ukichelewa tena, nafasi yako anampa mwingine. Hakusema kwa ubaya. Hata yeye ana bosi."

Nahodha aliitazama injini. Ilikuwa mpya, ya mkopo wa ofisi ya uvuvi. Ofisi ilileta nyingi kwa mpigo, zote zikiwa na propela ya aina moja, boti iwe nene au nyembamba. Siku ya kukabidhi, fundi wa ofisi aliijaribu boti ikiwa tupu. Iliruka juu ya maji, watu wakapiga makofi, picha zikapigwa. Lakini boti tupu haimlishi mtu. Ikishapakia nyavu, barafu na samaki, injini iliguna kama mgonjwa, ikatoa moshi, ikanywa mafuta, na pua ya boti ikabaki imeinuka kama ya mtu mwenye madeni anayejifanya tajiri.

"Labda inataka propela ya namba kubwa zaidi," alisema. "Ipate kasi."

Jirani aliyekuwa akimalizia kupakua mchanga kwenye boti yake aliangua kicheko. Wavuvi walimwita Kobe, maana hakuna aliyewahi kumwona na haraka.

"Ongeza namba, ufike keshokutwa! Ndugu yangu, ile namba ni urefu wa hatua. Propela ikizunguka mara moja, inataka kusogea mbele kiasi hicho. Yako ni kumi na tano. Kwa mzigo ule, injini inasongwa kabla haijachanganya. Mimi nabeba mchanga kwa kumi na moja."

"Si kama mimi na ndoo kichwani?" mke wa nahodha alidakia. "Nikirefusha hatua, tunaanguka mimi na ndoo. Mume wangu, miaka yote hii umetembea nyuma yangu hujaona?"

"Nilikuwa naangalia vingine."

"Mbele ya shemeji! Huna haya."

Kobe alikuwa na propela ya akiba, namba kumi na moja. Panga moja la propela hiyo liliwahi kupinda, likagongwa mpaka likanyooka. Waliichomeka, na meno ya katikati yakakaa sawasawa. Sasa ilibaki kuijaribu, na safari hii si kwa boti tupu. Samaki walikuwa wameshashushwa. Kupakia ule mchanga wa Kobe kungemaliza jioni yote.

Mke wa nahodha aliwageukia wanawake waliokuwa wakiparua samaki. "Jamani, nani mzito hapa?"

"Wewe!" wakajibu kwa pamoja.

Walipanda wote, wamevaa majaketi ya kujiokolea waliyoazima kwenye boti za jirani, na visu wameviacha nchi kavu. Ndipo afisa wa ufukwe alipotokea, kitambulisho kikining'inia shingoni.

"Shukeni! Boti hii ina leseni ya samaki. Kubeba abiria bila kibali ni kosa."

"Abiria hulipa nauli," mke wa nahodha alisema. "Umeona nani kalipa? Sisi ni mzigo."

"Mzigo hauongei, mama."

"Haya."

Akafunga mdomo. Wenzake nao wakafunga. Afisa alitafuta wa kubishana naye, akakosa.

Nahodha alivuta kamba ya kuwashia. Propela hii nayo ikishindwa, kesho hakuna lori. Boti ilisogea taratibu, ikazama kidogo nyuma, pua ikainuka. Mkewe alishika ukingo kwa mikono miwili. Kisha sauti ya injini ikaanza kupanda, nyembamba, safi, bila kuguna. Pua ikashuka, boti ikakaa juu ya maji na uzito wake wote, ikakimbia. Nyuma hapakuwa na moshi.

Mkewe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Wenzake wakapiga kelele zilizofika ufukweni.

"Kaa nayo mpaka upate yako," Kobe alisema waliporudi.

Afisa alikuwa bado amesimama palepale. "Umebadilisha kifaa cha mkopo. Rudisha propela ya ofisi, uandike barua, usubiri kamati."

"Kamati inakaa lini?"

"Itakapoitwa."

Nahodha aliinama, akakaza nati, akapitisha pini. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

"Ikiitwa nitakuja," alisema. "Ila ukitaka kunikamata kesho, wahi, bwana mkubwa. Ukija saa zako hizi utakuta tumeshauza."

Akachukua koleo, akakunja miguu ya pini, mmoja huku na mwingine kule, isije ikachomoka.