Kamati ya Kukizuia Kimbunga

Jumanne, tarehe 11 Februari. Asubuhi ukungu ulikuwa umeukalia mtaa kiasi kwamba nikiwa mlangoni sikuona choo changu. Manyunyu mepesi, upepo hakuna. Niliomba, nikachemsha chai, na saa sita mchana, kama kila siku, pakaanza kugongwa chini ya kitanda changu.

Hapa kwetu, pembeni mwa mji wa Kolwezi, Kongo, shaba na kobalti haziko kwenye mashimo makubwa ya mgodi uitwao Mashamba peke yake. Ziko chini ya vyoo, chini ya majiko, chini ya watu waliolala. Mtu akitaka kuchimba anafunga mlango wa chumba chake, anavunja sakafu, anashuka. Juu inaonekana nyumba ya Mkristo, chini kuna mgodi. Ukuta wa chumba changu ulikuwa na ufa wa kuingia kidole. Nyumba hiyo, vyumba viwili vya matofali ya udongo, ndiyo kitu pekee alichoniachia marehemu mume wangu, na nilijua kuna mtu anaila kutoka chini. Sikujua ni nani. Au niseme nilijua, lakini chifu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa wetu, hashtakiwi kwa chifu wa avenyu.

Chifu huyo ni Tata, yaani Baba, Symphorien, jirani yangu wa mkono wa kushoto, ambaye pia anaongoza kikundi cha maombi. Siku hiyohiyo alituita uani kwake. Simu zote zilikuwa zimeshasema: kimbunga kimetoka baharini, kimepiga Msumbiji, kinakuja upande wa magharibi. Watu wa hali ya hewa walikuwa wamekipa jina la Jémima. Mke wa Symphorien naye anaitwa Jémima, na jambo hilo lilimpa mama wa watu wiki ngumu.

"Bandugu," Symphorien akasema, "cyclone iko nakuya. Serikali iko mbali, Mungu iko karibu, na mi niko katikati."

Katika nusu saa tulikuwa na kamati: rais, makamu wa rais, katibu, mshauri wa kiroho na mshauri wa kiufundi. Huyu wa kiufundi alichaguliwa kwa sababu aliwahi kupanda ndege. Rais, bila shaka, alikuwa Symphorien. Akapigilia ukutani kwa msumari ramani ya Kongo iliyotoka shuleni. Msumbiji haimo katika ramani ya Kongo, kwa hiyo kimbunga, ambacho kilikuwa kizibo cha bia, kilianzia kwenye plasta tupu karibu na dirisha, na kila asubuhi rais alikisogeza kiganja kimoja kuelekea Kolwezi. Watu wazima walikuja na viti vyao kutazama.

"Leo iko wapi?" Mado, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, aliuliza Jumatano.

"Iko naacha dirisha," Symphorien alijibu kwa uzito. "Kesho itafika ku musumari."

Amri ya kwanza ya kamati ilikuwa kuweka mawe juu ya mabati ili upepo usiyang'oe. Kwingine watu wangeokota mawe ya kawaida. Hapa kila nyumba ina mawe yake meusi ya kobalti yanayongoja mnunuzi, na jiwe hilo, dogo kama ngumi, lina uzito wa dhambi ya siri. Watu walipanda, wakayapanga kwa furaha, na aliyetaka kuonyesha imani yake akaongeza safu ya pili. Jiko la Mado liliporomoka alasiri hiyohiyo, kabla ya tone moja la mvua. Katibu aliandika kwamba huyo ni mhanga wa kwanza wa kimbunga.

Mimi nilikataa mawe.

"Mama Laurentine, unakosa imani," Symphorien akaniambia mbele ya watu.

"Imani niko nayo, Tata. Ukuta njo sina."

Jioni nilipanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, kwenda Manika, kwenye masomo ya parokia, ambako watu wa umri wangu tunajifunza kusoma. Mwalimu Mukuna alikuwa amenakili taarifa ya hali ya hewa ubaoni, nasi tukaisoma neno kwa neno. Ilisema upepo utakufa njiani, kabla ya kuimaliza Zambia. Kitakachotufikia ni mawingu, na mvua nyingi ya siku mbili tatu. Mahali palipochimbwa, ardhi inaweza kushuka. Niliandika yote katika daftari. Nilipofika kwenye neno "kushuka" nilisimama kidogo, nikamwomba Mungu anishike mkono, nikaendelea.

Alhamisi nilisimama mbele ya kamati nikasoma.

"Mama!" Mado akadakia. "Juzi ulikuwa unajua bisi ya Manika kwa rangi, leo uko météo?"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa kuwa ni kweli: basi la Manika nililijua kwa rangi tu, maandishi yake sikuweza kuyasoma, na leo nilikuwa nasoma hali ya hewa.

"Cheka, Mado, lakini sikia," nikasema. "Hatari njo maji, hapana mupepo. Tuache mabati. Kila mwenye kuwa na shimo mu nyumba aseme, tulifunike, tuchimbe mufereji maji ipite."

Ni ajabu jinsi watu ishirini wanavyoweza kutazama viatu vyao kwa wakati mmoja.

"Adui anatoka juu," Symphorien akasema mwishowe.

"Na ya chini, Tata?"

"Tuombe."

Tukaomba. Mimi sichezi na maombi, niliomba kwa moyo wangu wote. Lakini sauti ya Symphorien ilizifunika zote. "Jémima, rudi kwenye ulitoka! Jémima, hauna nafasi mu Kolwezi! Jémima, vunjika!" Kikundi kikaitikia: "Vunjika!" Mkewe, aliyekaa mstari wa mbele, alingoja amina kwa adabu, kisha akauliza kuhusu ugali wa jioni:

"Leo bukari yako nani atapika? Ni mi, ao mutangoja ile ingine ifike?"

Niliporudi nyumbani nilitoa godoro langu chumbani, nikalipeleka jikoni.

Mvua ilianza Ijumaa. Ilikuwa mvua iliyonyooka, isiyo na haraka, bila upepo wa kutikisa hata jani la mgomba. Ilinyesha Ijumaa yote, Jumamosi yote, na Jumapili baada ya misa Symphorien akatuita tena, safari hii chini ya hema la plastiki, kutoa shukrani. Kizibo kilikuwa kimefika Dilolo, mpakani, kimegeuzwa chali: kimbunga kimeshindwa, kinaingia Angola kwa aibu.

"Munaona mupepo?" rais akauliza.

"Hapana!"

"Nani aliishinda?"

"Mungu!"

"Na nani tena?"

"Na comité!"

Mimi nilikuwa natazama chini. Maji yote ya ua yalipita katikati ya miguu yetu, mkondo mnene kama mkono, yakaingia chini ya mlango wa nyumba ya Symphorien. Yalikuwa yakiingia tangu wimbo wa kwanza, na sasa tulikuwa kwenye wa nne.

"Tata Symphorien," nikasema, "maji iko naingia mu nyumba yako."

"Ni baraka, mama."

"Saa nzima inaingia na haitoke. Nyumba ya byumba mbili inakunywa hivi, inapeleka wapi?"

Vichwa vyote vikageukia mlango. Mado akaanza kucheka, kisha akaacha. Symphorien akaanzisha wimbo wa tano, hakuna aliyempokea. Ndipo Jémima akainuka, akafungua kipande cha kitenge alichofungia ufunguo, akaenda kufungua chumba cha kulala.

Hakukuwa na kitanda ndani. Kulikuwa na shimo, na kutoka shimoni mtu alikuwa anapanda mbio. Ni Gael, baba wa watoto watatu, ambaye kwa majuma matatu tulikuwa tumeambiwa kwamba amejifungia humo akifunga na kuomba. Alikuwa tope kuanzia nywele hadi nyayo.

"Président!" akafoka. "Ulisema ni mupepo tu! Ulisema ku chini haitafika kitu!"

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

Alinitazama kwa huruma, wa kwanza kunihurumia katika avenyu nzima. "Chini ya kitanda yako, mama. Unisamehe. Miti yenye tulisimamisha imeanza kulia."

Tukakimbilia kwangu. Sakafu ya chumba ilikuwa imeshuka kiasi cha kiganja hadi kiwiko, na kitanda kitupu kimeinama juu yake kama mtu anayechungulia kisima. Ukuta ulikuwa bado umesimama. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikamgeukia jirani yangu.

"Ni cyclone," Symphorien akasema. "Munaona nguvu yake?"

Hata mshauri wa kiufundi alitazama pembeni.

"Basi tuombe," akasema tena.

"Tutaomba, Tata. Mi nitaomba na weye mpaka kesho kama unapenda. Lakini mbele utajibu. Shimo itajazwa?"

"Itajazwa, mama. Pole pole..."

"Na mpaka pale itajaa, nani atalala humu?"

Hakuelewa. Jémima alielewa kabla yake. Akaondoka katika mvua, akarudi na mto wa mumewe, na akiwa mlangoni akaurusha juu ya kitanda kilichoinama.

"Mama Laurentine atalala na mi," akasema. "Weye utalala humu."

"Jémima!"

"Siku tano unaniambia nivunjike. Sijavunjika. Sema, batu basikie."

Watu walikuwa wamejaa mlangoni na dirishani, migongo ikinyeshewa. Hakuna aliyeondoka. Symphorien aliinua mkono kama afanyavyo akianza maombi, lakini sauti ilitoka ndogo sana. Mado akamwambia arudie, wa nyuma hawajasikia. Akarudia:

"Mbele ya Mungu na mbele ya avenyu muzima, mi Symphorien, kuanzia leo nitalala juu ya shimo yenye nilichimba, mpaka siku itajaa."