Mkono wa Kitambaa

Mchoraji alifanya kazi jinsi alivyofundishwa darasa la jioni: rangi ya maji kwanza, kisha vipande vya kitambaa kwa gundi, halafu karatasi ikapigwa picha na kumaliziwa kwenye kishikwambi. Lilikuwa jalada lake la kwanza la kitabu, lenye mama na baba wakiwa nyumbani, na alilichora huku akimnyonyesha mwanawe, Kitumbo. Ndiyo maana alisahau kufuta mkono mmoja aliomchorea mama wa pichani kwa makosa. Akahifadhi kazi, mama akiwa na mikono mitatu.

Asubuhi mchoraji naye aliamka na mitatu. Wa tatu ulitokea chini ya kwapa la kulia, wa kitambaa cha maua, umebandikwa vizuri kuliko kazi zake nyingi.

Mumewe aliutazama huku akipiga mswaki.

"Mama Kitumbo, huo unaweza kulowa?"

"Sijui."

"Hebu jaribu na vyombo."

Ulilowa, ukakauka upesi. Mchoraji alishapanga: miwili ya nyumba, wa tatu wa sanaa. Aliusifu mpango huo mbele ya kioo. Kufikia mchana mkono wa sanaa ulikuwa ukifua nepi. Jioni wifi yake akapita na mapazia ya kushona.

"Wifi, nasikia una mkono umekaa bure."

Mhariri akapiga simu. Mchoraji aliibana begani.

"Dada, jalada kesho asubuhi, la sivyo nampa mwingine."

"Mikono imejaa."

"Yote?"

"Yote."

Mchoraji akafikiri kisanii. Aliweka kisu cha vitunguu chini, akamwongezea mama wa pichani mkono wa nne, akahifadhi. Wa kwake ukachipuka palepale, wa maua yaleyale. Mumewe alipouona, akaukabidhi mtoto.

Basi jalada akalimalizia kwa kalamu iliyobanwa menoni, udenda ukimtoka kuliko Kitumbo, akijiambia kwamba huu sasa ndio mtindo wake. Pichani alikuwa amebaki baba tu, kochini, miguu juu ya stuli. Huyo alimpaka rangi taratibu, bila kumwamsha.

Asubuhi mhariri alipiga tena.

"Limepita! Mama na mikono yake minne, sawa, akina mama ndivyo walivyo. Lakini baba, dada! Baba umempatia. Ametulia kweli."

"Ahsante," alisema mchoraji, kwa shida kidogo, maana kalamu ilikuwa bado mdomoni.