Alikohoa Usiku Kucha

Rene Tranter aliingia kwenye baa yangu Jumamosi mchana, kapu tupu mkononi, pua imemwiva kwa baridi. Alikuwa ametoka kumpelekea mumewe Ned pai ya nyama mahabusu. Akamwendea shemeji yake, Perce, aliyekuwa amekaa dirishani na bakuli lake la supu ya mikunga, wale samaki kama nyoka, akamwinamia sikioni.

"Shemeji, Ned mzima. Wamempiga, lakini meno yote anayo. Ila anasema nikwambie, Wilf alikohoa usiku kucha."

Perce akaweka kijiko chini. Mimi nilikuwa nafuta glasi nyuma ya kaunta, na glasi ikaniponyoka.

Kwetu Bermondsey kukohoa kuna maana mbili. Ya kwanza ni ya kifua, na kwa ukungu huu na viwanda hivi vya ngozi hakuna mtu wa kuja kutufundisha. Ya pili ni ya kituo cha polisi. Mtu akikiri kosa lake mbele ya makachero, tunasema amekohoa. Hiyo ya pili haisemwi ovyo, maana akikohoa mmoja, siku ya tatu wanasombwa kumi. Rene alikuwa binti wa shamba, ameolewa juzijuzi, na kwake kukohoa ni kukohoa. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na yule msichana alijikwaa asijue kama amejikwaa.

Jambo lenyewe lilikuwa la ghala la ngozi. Lilivunjwa wiki moja nyuma, na mlinzi, mzee Pocock, akapasuliwa kichwa kwa mtaimbo, akafa. Pocock alikuwa mteja wangu wa kila Ijumaa, mtu wa glasi moja na "Mungu akubariki, Mama Tibbs". Waliovunja ni watatu: Perce, mdogo wake Ned, na Wilf Cutbush. Aliyepiga ni Perce. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulinyamaza, kwa sababu Perce hutembea na wembe kwenye mfuko wa kizibao. Makachero waliwakamata Ned na Wilf, wakawaweka seli za jirani. Asubuhi ile ya Jumamosi wakamwachia Wilf peke yake.

"Kwa nini wamwachie yeye wambakize mdogo wangu?" Perce akauliza, kama anayejiuliza.

"Kwa sababu mgonjwa," nikamwambia. "Wilf anakohoa kweli, Perce. Ya kifua. Tangu Pasaka analala ameketi. Nani anataka maiti selini kwake?"

"Mama Tibbs, wewe uza bia."

"Nauza. Na masikio ninayo pia. Ned alimaanisha kifua."

"Ned amekulia kwenye nyumba ya wezi. Anajua anachosema."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na mimi si mwoga. Mume wangu alikuwa bondia, nimewahi kumshonea jicho kwa uzi wa viatu.

Laiti Wilf angekwenda kulala. Lakini alikuja. Akasukuma mlango, jicho moja limefumba, mkono umefungwa tambara, akacheka na kila mtu kama kawaida yake.

"Nipe kitu cha moto, Mama. Kifua kinaniua."

Sikuwahi hata kushika birika. Bunce, yule mbeba magunia wa bandarini ambaye ndiye ngumi ya Perce, alimshika kola kwa nyuma akamtoa mlango wa uani kama mtu anayetoa paka. Perce akafuata. Wateja wakainamia glasi zao. Mimi nikatoka nyuma yao, na aliyetaka bia siku ile alijihudumia mwenyewe.

Uani kwangu pana mawe, mapipa matupu na karo. Bunce alimbamiza Wilf ukutani.

"Ulikohoa?" Perce akamuuliza.

"Sikukohoa, Perce. Walinivunja kidole, nikawaambia nilikuwa nyumbani nakula. Walinivunja cha pili, nikawaambia nilikuwa bado nakula. Muulize Ned."

"Ned ndiye aliyeniambia."

Niliona neno hilo lilivyomwingia. Ngumi za polisi hazikuwa zimemfanya vile. Akafungua mdomo ajibu, na badala ya jibu kikaja kikohozi. Kilimkunja hadi magotini, kikamtikisa mpaka kofia ikaanguka. Bunce akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ona, kaka. Huyu akianza haachi."

Halafu akampiga. Alimpiga tumboni Wilf akiwa hana pumzi, akampiga tena alipokuwa akiitafuta. Alipoanguka wakaja na viatu, wote wawili, vile viatu vya kazi vyenye chuma puani. Nilimshika Bunce mkono nikauma, nikapata kiwiko cha taya kilichoning'oa jino ambalo mpaka leo sijaweka jingine mahali pake. Nikapanda juu ya kreti, nikapiga kelele juu ya ukuta.

"Hettie! Hettie, wanamuua kaka yako! Wanasema alikohoa usiku kucha!"

Ua wa Hettie Cutbush umepakana na wangu. Hettie ni dobi, mwanamke mwembamba asiyesema sana, amemlea Wilf tangu mama yao alipokufa. Alipita kwenye geti mikono imelowa hadi viwikoni, mkono mmoja una mti wa kukorogea nguo na mwingine una beseni. Hakulia. Alimpiga Bunce sikioni kwa ule mti kwa nguvu zote za mtu anayekamua mashuka kila siku, Bunce akapiga magoti. Kisha akammwagia Perce miguuni vile vilivyokuwa ndani ya beseni.

"Tazama. Vitambaa vya Wilf. Nafua hivi kila siku, Perce. Hiyo ni damu ya kifua. Amekohoa usiku kucha, ndiyo, hata kwangu hukohoa usiku kucha. Nani amekuletea maneno?"

Perce aliviangalia. Kwa muda mfupi nilidhani imekwisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Wilf hakuwa ameficha kitu, vitambaa vyote vile vilikuwa pale juu ya mawe.

"Polisi nao walimpiga," Perce akasema. "Damu ni damu, Hettie."

Bunce aliinuka akamtupa Hettie kwenye mapipa. Nikamdaka. Perce akapiga goti juu ya kifua cha Wilf, kifua kilekile, akaegemea.

"Sema tu. Sema ulikohoa tumalize, nitakuacha uende."

Wilf angeweza kusema. Neno moja tu, la uongo, na labda angeondoka na makovu. Alimtazama dada yake, kisha akamtazama Perce.

"Siwezi kukiri nisilolifanya. Nina mangapi niliyoyafanya ya kukiri."

Perce akaegemea zaidi. Tulisikia mbavu, mimi na Hettie tulizisikia. Damu ikamtoka Wilf ikaruka hadi kwenye kola ya Perce, nyeupe, ambayo Hettie ndiye aliyeitia wanga. Perce akatoa wembe akampasua pembe ya mdomo mpaka karibu na sikio, alama ya wanaosema. Kisha akajifuta kola kwa leso, akapita katikati ya baa yangu na kuaga watu.

Wilf alikufa Jumapili, kabla ya kengele za kanisa, juu ya meza ya jikoni kwa Hettie. Niliuona uso wa Hettie akimwosha, nikamchukia Perce Tranter kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Sasa sikilizeni ufedhuli. Mazishi aliyaandaa Perce. Farasi weusi, manyoya vichwani, shada la maua kubwa kuliko jeneza. Kwetu ndivyo inavyokuwa, anayekuua ndiye anayekuzika vizuri. Baada ya makaburini watu wakaja kwangu, na Perce akasimama kaunta na nguo nyeusi akipokea pole kana kwamba marehemu ni wake. Hettie alikaa kwenye benchi, mikono mapajani.

Mlango ukafunguka, akaingia Ned. Makachero walikuwa wamemwachia saa ile, hawakuwa na ushahidi. Ndevu zimemwota, uso umevimba, na mkononi ana chupa ya dawa kutoka duka la pembeni.

"Wilf yuko wapi? Nimepita kwao hakuna mtu. Nimemletea ya kifua."

Watu wakamtazama. Rene alianza kulia kwa sauti.

"Mnanitazamia nini? Nilikwambia, Perce, nilimtuma Rene. Yule mtu amekohoa usiku kucha, sikupata lepe la usingizi, nikasema atafia mle ndani. Nikasema kaka atamtafutia daktari."

"Ulisema amekohoa," Perce akasema.

"Ndiyo, kukohoa." Ned akajipiga kifuani, akakohoa kidogo kuonyesha. "Hivi. Makachero walimvunja vidole mbele yangu hakusema hata jina la mama yake. Yuko wapi?"

Nilimwambia mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye ujasiri. Ned akaiweka chupa juu ya kaunta polepole, akakaa chini sakafuni, palepale kwenye maganda ya kome yaliyotupwa na wateja.

Hettie aliinuka. Alimwendea Perce mpaka karibu sana.

"Sema," akamwambia. "Sitaki maua. Sema ulimuua kaka yangu bure. Sema hapa, kwa watu hawa tu, nitakwenda nyumbani nikafue."

Ukumbi wote ulikuwa unangoja. Na nawaambia, angesema, Hettie angeondoka. Namjua. Alikuwa anaomba kidogo sana.

Perce alizungusha glasi yake.

"Mimi nina kosa gani? Ned angesema vizuri. Rene angeleta maneno vizuri. Aliyekwenda amekwenda, Hettie. Mama Tibbs, mpe dada yangu kitu cha kunywa."

"Mimi si dada yako," Hettie akasema.

Hapo ndipo alipoingia Inspekta Larkham na askari wawili. Alikuwa amemfuata Ned tangu kituoni aone ataelekea wapi. Larkham mwenyewe alikuwa mshenzi wa kutosha, vidole vya Wilf ni kazi yake, na hakuvua kofia mbele ya wafiwa.

"Poleni. Nasikia alianguka ngazini."

"Ngazini," Perce akasema.

"Ngazi za Bermondsey zina wembe siku hizi." Akatuzungushia macho, akacheka. "Basi, nani ana kifua leo? Nani atanikoholea?"

Alisema kwa mzaha. Miaka yote aliyofanya kazi mtaani kwetu hakuna aliyewahi kumjibu swali hilo.

"Mimi," Hettie akasema.

Perce akatabasamu. "Umepata mafua makaburini, mama?"

Hettie hakumtazama. Alimtazama Larkham, akasema kwa sauti ileile ya kukuambia mashuka yako yatakauka lini.

"Asubuhi aliyouawa mzee Pocock nililifua shati la Perce Tranter. Mkono wa kulia ulikuwa na damu hadi kwapani. Nilijua ni ya nani. Nililifua kwa maji baridi, ya moto hugandisha damu. Mtaimbo aliuleta umefungwa ndani ya shati hilo, nikauzika chini ya matofali ya jiko langu la kufulia, na bado upo na nywele za mzee. Nilifanya hivyo kwa kuwa kaka yangu alikuwa mmoja wa waliovunja. Sasa sina wa kumficha."

Wembe ulikuwa umeshatoka. Sikumwona Perce akisogea, niliona tu shavu la Hettie limefunguka kutoka chini ya jicho. Hakuanguka. Askari walimrukia Perce, Bunce akawarukia askari, meza zikapinduka, na Ned akanyanyuka kutoka sakafuni akaichukua ile chupa ya dawa kwenye kaunta. Hakumpiga askari. Alimpiga kaka yake usoni, chupa ikavunjika, akaendelea kumpiga kwa shingo ya chupa iliyobaki mpaka walipomtoa. Sakafu yangu ilinuka dawa ya kifua mpaka Krismasi.

Walipomfunga Perce pingu, alikuwa amebaki na jicho moja la kutazamia. Alilielekeza kwa Hettie.

"Nyasi," akamwambia. Ndivyo tunavyomwita anayewauza wenzake, na kwetu hakuna tusi baya kuliko hilo.

Mimi nilikuwa nimemkandamiza Hettie taulo ya kaunta shavuni, inalowa upesi kuliko nilivyoweza kuikunja. Larkham alipiga goti mbele yake. Mara hii alikuwa amevua kofia.

"Bibi Cutbush, unaelewa ulichosema? Umeficha silaha ya mauaji. Nikiliandika hilo, nawe unakwenda ndani."

"Naelewa," Hettie akasema ndani ya taulo. "Nyasi husema la mwenzake. Mimi nimesema langu. Si ndiyo maana ya kukohoa?"

Larkham akatoa penseli. Hettie aliniomba niende kwake nikazime moto chini ya pipa la nguo, kwa sababu alikuwa ameacha mashuka ya watu yanachemka.