Neno la Siri la Kaka

Kompyuta ya dada yangu ilikufa kwa joto, feni yake imezibwa na nyuzi tupu. Dada ana karakana ya kudarizi nembo za sare. Akaniita mimi, mdogo wake, fundi kompyuta wa bure wa ukoo mzima.

"Kesho shule inachukua sweta zao, na nembo yao imo kwenye hiyo kompyuta," alisema. "Nikiwaangusha, wanahamia kwa mwingine, na mimi nafunga."

Nakala kamili ya kompyuta ilikuwepo, niliitengeneza baada ya kugombana naye kwamba siku moja itakufa. Kurudisha michoro peke yake kusingesaidia, maana programu ya kudarizi ni ya zamani na diski yake ya kuipakia ilishapotea. Ilibidi nirudishe kila kitu kilivyokuwa. Lakini kompyuta mpya, aliyoinunua bila kuniuliza, haikufanana na ile ya kwanza hata chembe.

"Kompyuta si kompyuta tu?" alisema.

Nikairudisha nakala, nikawasha. Mfumo uliamka ukitafuta vifaa vya mashine iliyokufa, haukuviona, ukaleta skrini ya buluu ya hitilafu. Ikajiwasha tena. Buluu tena.

"Umeiharibu."

"Haijawaka bado, nitaiharibuje?"

"Ndiyo maana nasema umeiharibu."

Nikatafuta draiva, programu ya kuutambulisha mfumo kwa diski mpya, nikaingiza isiyo yenyewe, nikalaani, nikapata yenyewe. Ikawaka! Mabinti wa karakana wakapiga vigelegele. Kisha ikadai neno la siri.

"Neno gani?" dada aliuliza. "Haijawahi kuniuliza kitu."

Ingemuulizaje? Hawakuwahi kuizima. Jioni waliifunika kitambaa, umeme ukikatika betri iliishikilia. Neno aliliweka kaka yetu mkubwa, walipoianzisha karakana pamoja, kabla hawajakosana. Tangu hapo ni "mwambie kaka yako," "mwambie dada yako," na mguu wa kupeleka ujumbe ni wangu, ingawa wanakaa mtaa mmoja.

"Mpigie kaka," nikasema.

"Bora nife njaa."

"Utakufa kweli, sweta zikilala bila nembo."

Kulitoa neno la siri bila mwenye nalo ni kazi ndogo, kila fundi anaijua. Nikafunga mdomo, nikakunja mikono. Nilikuwa nimechoka nao hadi kwenye mifupa.

Dada aliizunguka meza, akaitazama milima ya sweta, akaninunia. Mwishowe akachukua simu. "Kaka, ni mimi," alisema, kisha akakata. Ilibidi apige upya.

Kaka alikuja na kandambili za nyumbani, shati limefungwa vifungo upande. Hakulitaja neno, aliliandika mwenyewe. Nembo ikatokea, dada akaituma kwenye mashine ya kudarizi, sindano zikaanza kugonga. Hapo kaka akanitazama, akamgeukia.

"Mbona umeniita mimi? Huyu angeweza kulitoa hilo neno mara moja."

Nikajua nimekwisha. Nilisogea karibu na mlango.

"Najua," dada alisema, macho kwenye sindano. "Mwaka jana alinitolea la simu yangu."

Kaka akavuta kiti, akachukua mkasi, akaanza kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye nembo ya kwanza.