Fundi wa Mtaa wa Boma

Tangu waoane, Mathayo alikuwa akimwahidi mkewe Lea kwamba mtama ukishavunwa watakwenda Singida kutembea tu, bila shughuli yoyote. Basi wakadandia lori kijijini kwao Kinampanda alfajiri, na jua lilipopanda walikuwa wakitembea polepole kwa raha katika mtaa wa zamani wa Singida, chini ya boma la Wajerumani, ambako sasa ilipepea bendera ya Mwingereza.

Lea alikulia mtaa ule. Baba yake alikuwa mpishi bomani. Alimwonyesha mumewe nyumba kuukuu za udongo, milango mizito ya mbao, duka la Valimohamed na baraza lake pana. Mathayo alifurahia kila kitu, hadi walipofika barazani pale.

"Lea! Lea wa Bomani!" Fundi mmoja aliinuka nyuma ya cherehani.

"Gasto!" Uso wa Lea ukachangamka kwa namna ambayo Mathayo alidhani ni yake peke yake.

Wakaulizana habari za watu ambao Mathayo hakuwajua. Mathayo akasimama kama mzigo uliosahauliwa. Mwishowe akaingia dukani, akatoka na kitambaa cha maua mekundu, kizuri kuliko vyote, ili ijulikane mume ni nani.

"Kaeni, nitakishona sasa hivi," alisema Gasto, akashika mkasi.

"Humpimi?" Mathayo aliuliza.

"Huyu? Namjua."

Neno lile lilimchoma. Lea alipomwomba waende ziwani wakati wakisubiri, akajibu, "Nenda. Mimi nakaa hapa."

Lea naye akakaa. Mchana mzuri ukapita hivyo hivyo, Mathayo akiitazama mikono ya fundi. Gauni lilipokwisha, lilimkaa Lea sawasawa. Afadhali lingembana!

Jioni, juu ya magunia ya lori la kurudi, akashindwa kuvumilia.

"Alikuposa?"

"Aliniposa. Baba akakubali."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Halafu?"

"Nikakataa mimi. Gasto alikuwa akijua kila kitu changu kabla sijafungua mdomo: nguo ninayotaka, chakula ninachopenda, hata nikinuna alijua kwa nini. Wala hakuwahi kuniuliza. Nilichoka kujuliwa."

Lori likaunguruma, vumbi likawafunika. Mathayo alikuwa na swali moja lililobaki, naye akaliogopa njia nzima. Walipokaribia Ulemo, si mbali na kwao, ndipo likamtoka.

"Unampenda bado?"

Lea akamgeukia. Macho yake yalikuwa na hasira na uchovu.

"Ningempenda, ningekuwa nimeketi hapa juu ya magunia, nikila vumbi na mtu aliyeninunia mchana kutwa?"

Jibu lilimtosha nusu. Ile nusu nyingine alikaa nayo mpaka nyumbani, mkono wake umemshika mkewe begani, asianguke lori lilipopiga kona.