Marafiki wa Marehemu Abdulghafur

Amu, kisiwani Lamu, mgeni haulizwi ana nini. Huangaliwa analala wapi, na hilo latosha. Akishuka kwenye ndege Manda na boti ikampeleka moja kwa moja hotelini Ras Kitau, huyo ni tajiri, na mji hautamwona ila siku atakayokuja kupiga picha milango. Akija kwa basi hadi Mokowe, akavuka pamoja na magunia ya vitunguu na kuuliza chumba cha bei nafuu karibu na gati, huyo naye anajulikana. Kati yao kuna wa tatu, na hao ndio wenye taabu kuliko wote, kwa sababu wana cha kuwatoa nyumbani lakini hawana cha kuwafikisha wanakotaka waonekane wamefika. Hao hukodi nyumba mjini.

Bi Ummu aliwajua sana hawa wa tatu, maana nyumba waliyokodi ilikuwa yake.

Ni nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani, aliyorithi kwa mamake, naye mamake kwa mamake. Majirani wengi walikwisha kuwauzia Wazungu nyumba zao, na waliobaki walikuwa na fahari moja tu, ya kubaki. Watu wa namna hiyo hukaribisha wageni. Hawauzi malazi. Kwa hiyo kila Disemba, mpwa wake Idarus alipoitangaza nyumba kwenye simu pamoja na picha za zidaka zilizochongwa ukutani na kitanda cha marehemu bibi, Bi Ummu aliwaambia majirani kwamba marafiki wa mumewe wanakuja kutoka bara. Bwana Abdulghafur alikuwa amefanya kazi ya forodha Nairobi kwa muda mrefu, kwa hiyo uongo ulikaa vizuri. Alikuwa mtu mkimya, na enzi za uhai wake hakuna aliyemwona na rafiki, lakini tangu azikwe marafiki zake walizidi kuongezeka mwaka hadi mwaka. Pasaka walikuja wengine.

Watoto nao ilibidi wapishe. Binti yake Hadil na mdogo wake walipelekwa kijijini Kipungani kwa mama mdogo wa Bi Ummu, msuka mikeka, wakalale wote chumba kimoja na miyaa iliyorundikwa ukutani. Majirani waliambiwa wamekwenda kupunga upepo. Mwezi huo wenye uwezo walikwenda Umra, na wenye nafasi walikwenda Mombasa kwa ndugu zao wakarudi na mapazia mapya. Kupunga upepo Kipungani ni likizo ya mtu ambaye nyumba yake ina watu. Lakini hakuna aliyeichambua habari hiyo, au Bi Ummu alidhani hakuna.

Yeye mwenyewe hakuondoka. Tangazo lilisema nyumba ina mpishi, na mpishi alikuwa yeye.

"Usiwaambie kuwa ndiwe mwenye nyumba," Idarus alimwonya tangu mwanzo. "Mtu aliyelipa hapendi kumkuta mwenye nyumba jikoni. Ataona haya kukutuma."

Basi alihamia chumba cha chini, kile walichokuwa wakiweka makaa zamani, akawa anaitika "abee" ndani ya nyumba ya mama yake. Mara ya kwanza ilimuuma hadi akakosa hamu ya kula. Baadaye akaona ni kazi tu, na kazi haina uso.

Mwaka huu walikuja Quinter na mumewe Jabez, na watoto wao wawili. Quinter alikuwa mwalimu wa shule moja ya kulipia huko Nairobi, ambako wanafunzi hurudi Januari wakizungumza habari za Dubai na walimu hukaa chumbani mwao wakionyeshana picha za pwani. Miaka yote Quinter alikuwa na picha za Siaya: ng'ombe wa babake, mama mkwe akipukuchua mahindi. "Likizo gani hiyo ya kukamua ng'ombe," mwenzake mmoja aliwahi kumwambia akicheka. Quinter alicheka pia, na hakusahau. Kwa hiyo walikuja kwa ndege ili ipatikane picha ya ndege, na kurudi wangerudi kwa basi, kwa kuwa basi halikuhitaji picha. Kila asubuhi walivuka hadi Ras Kitau, wakaketi kwenye hoteli yenye viti vyeupe, wakaagiza soda tu, wakapigana picha, kisha wakarudi Mkomani kula. Bi Ummu aliyajua yote haya kwa sababu Quinter alimsimulia mwenyewe. Mtu humficha jirani; mpishi hamfichi.

"Wewe una bahati, anti," alimwambia siku moja, akimenya vitunguu bila kuombwa. "Unaishi mahali ambapo watu wanalipa ndio wafike. Wewe likizo huwa unaenda wapi?"

"Papa hapa," alisema Bi Ummu.

Hakumchukia. Quinter alikuwa mwema kuliko wengi waliomtangulia. Aliosha vikombe vyake, na alisema asante hata kwa chumvi.

Kilichomnyima Bi Ummu raha mwaka huu kilikuwa nyumba ya ubavuni. Humo aliishi Bi Alawiya, sharifa wa kizazi cha Mtume, wa ukoo unaoheshimiwa mji mzima, naye alikuwa ameonyesha wazi kwamba anamtaka Hadil kwa mwanawe Jaafar. Posa ingeletwa Ijumaa ya kwanza baada ya wageni kuondoka. Hadil alimpenda Jaafar na hakuona sababu ya kuficha. Siku ya kwenda Kipungani alimshika mamake mkono pale gatini. "Mama, tafadhali," alisema, "safari hii uangalie sana." Bi Ummu alielewa. Ikijulikana kwamba mama wa bibi harusi ni mwenye gesti, tena mpishi wa gesti hiyo, posa ingepata sababu ya kungoja kidogo, na posa ikingoja kidogo Amu huwa imekwenda zake.

Tena Bi Alawiya hakuwa jirani wa kukaa mbali. Kwake mgeni wa mmoja ni mgeni wa mtaa. Kila marafiki wa marehemu walipofika, Ijumaa baada ya sala, sinia lilitoka nyumbani kwake limefunikwa kawa: pilau, kuku au samaki wa kupaka, achari. Bi Ummu alilipokea mlangoni, akawaandalia wageni, kisha akarudisha vyombo vikiwa na vileja au ndimu chache juu yake. Wageni walisifu, Idarus akapata maneno matamu kwenye simu, na siku hiyo Bi Ummu hakuhitaji kupika. Hilo pia alikuwa amelizoea.

Ijumaa ya akina Quinter sinia lililetwa na Razan, bintiye Bi Alawiya. Wageni walikula hadi Jabez akalegeza mkanda.

"Hii nayo iko ndani ya bei?" Quinter aliuliza.

"Imetoka kwa jirani," alisema Bi Ummu, akiviosha vyombo. "Na kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ngoja nikanunue sukari nipike vileja."

Akatoka. Dukani alikuta watu, na njiani akasimamishwa na mwanamke aliyetaka kujua hali ya Hadil na kama ni kweli anaposwa. Aliporudi, vyombo havikuwapo mezani.

"Nimekupunguzia kazi, anti," Quinter alisema kwa furaha. "Jabez amevipeleka. Na usijali, havikurudi tupu."

"Umetia nini?"

"Elfu moja. Ni kidogo?"

Bi Ummu aliketi na mfuko wake wa sukari. Noti juu ya sahani ya Bi Alawiya ilikuwa moja ya mawili. Ikiwa ni bei, sharifa amefanywa muuza chakula. Ikiwa ni sadaka, ni balaa kubwa zaidi, maana masharifu hawali sadaka, na hilo mtoto wa madrasa analijua kabla hajajua kufunga viatu. Aliogopa, tena aliogopa kwa ajili ya Hadil kwanza. Halafu akaanza kutengeneza la kusema. Marafiki wa marehemu ni watu wa bara, hawajui mila, wasamehewe. Uongo huo ulikuwa mwepesi na ulikuwa karibu kuwa kweli, kwa hiyo akapata nguvu za kuinuka na kukanda unga.

Bi Alawiya alikuja baada ya Alasiri, peke yake, noti imekunjwa mkononi. Alipiga hodi dakani, barazani mbele ya mlango, kama kawaida. Bi Ummu alikuwa bado ana unga hadi viwikoni, na Quinter akawahi mlango.

"Karibu mama! Ni wewe wa ile chakula? Ile pilau, mama, wacha tu. Nimemwambia mzee hata Ras Kitau hawawezi. Ama pesa ilikuwa kidogo? Sema tu, nikuongeze."

"Uniongeze kwa nini?" Bi Alawiya aliuliza taratibu.

"Si umetupikia? Sisi tumelipia nyumba pamoja na chakula, lakini naona wewe hukuwa kwa hiyo bei. Hata mpishi wetu aliniambia haifai vyombo virudi bure." Akageuka kumwonyesha mpishi, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

Bi Alawiya alimtazama huyo mpishi.

"Bi Ummu," alisema, "hawa si rafiki za Abdulghafur?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Ungeweza hata kufaulu, kama Quinter hangeuliza, kwa nia njema kabisa, "Abdulghafur ni nani?"

Basi ukafia hapo.

"Wamekodi," alisema Bi Ummu. "Nyumba naikodisha, Bi Alawiya. Kulla mwaka. Nami ndiye niwapikiao."

Quinter aliziba mdomo kwa kiganja. Pengine alikumbuka suruali za Jabez alizompa afue. "Kumbe hii nyumba ni yako?" aliuliza.

"Nayua ni aibu," Bi Ummu akaendelea, kwa kuwa akishaanza mtu humaliza. "Nyumba ya mama yangu, na yina la watu wa Mkomani. Nilikuwa sina ndia nyingine."

"Aibu gani?" alisema Bi Alawiya. "Mtu ana nyumba na hana kitu, akodishe. Ungaliniambia, ningalikuya kukukunia nazi."

Bi Ummu alimtazama asiamini. Kwa muda mfupi alihisi amepona.

"Lakini hukuniambia," Bi Alawiya aliendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mwaka yana Bwana wangu hana kazi, nawe huyui, kwani sikutaka uyue. Nimewatinda kuku wangu wa mayai, hata mmoya sikubakisha. Wanangu wamelala na chai kavu. Nikiwaambia, hawa ni wageni wa maiti, nao hawana wa kuwakirimu ila mjane, subirini tutapata thawabu. Kumbe ni wateja wako niwalishao."

Miaka yote Bi Ummu alikuwa akiiogopa aibu ya nyumba, na aibu ya nyumba haikuja. Hii nyingine hakuwa ameitazamia hata siku moja. Alikuwa amelipokea sinia mwaka baada ya mwaka na hakuwahi kujiuliza limetoka jiko gani, maana kwake Bi Alawiya alikuwa mtu wa kuwa nacho. Aliona uchungu mkubwa, na machozi yakamtoka, na hakuwa na mkono safi wa kuyafuta.

Bi Alawiya alichukua kiganja cha Quinter, akaitia noti ndani na kumfumbatisha vidole. "Wewe huna makosa, mwanangu. Mgeni ni mgeni. Kula kwa afya yako."

"Na Hadil?" Bi Ummu aliuliza hatimaye.

"Hadil hana makosa pia. Jaafar amtaka, nami namtaka. Ijumaa tutakuya kama tulivyosema, mimi na dada zangu na mashangazi wa Jaafar." Alikuwa ameshafika dakani, akivuta buibui lake vizuri begani. "Utwambie mapema tu, Bi Ummu, mtu mmoya ni kiasi gani."

Akaenda zake. Watoto wa Quinter walikuwa wakishuka kutoka paani wakisukumana, wakiuliza kutaliwa nini. Mama yao aliwanyamazisha. Alisimama katikati ya ua wa ndani, noti mkononi, akitafuta jina la kumwitia mwanamke aliye mbele yake.

"Bi Ummu," alisema mwishowe, "wacha usiku huu nipike mimi. Wewe kaa tu."

"Umelipa," alisema Bi Ummu, akarudi jikoni kuwasha jiko.