Oili ya Injini kwenye Breki

Jirani yangu alihangaika uani kwake miaka sita, nati kwa nati, akilifufua gari kuukuu la marehemu baba yake ili limpeleke binti yake harusini. Siku ilipofika tulijaa uani mpaka ukutani. Gari likanguruma, vigelegele vikapigwa. Likasogea hatua tatu, magurudumu yakakwama, likagoma katakata.

"Raba za breki zimevimba," alisema mdogo wake, hata hajainama kutazama. "Wiki iliyopita ulimimina oili ya injini kwenye kikopo cha mafuta ya breki."

"Uliniona?"

"Kwa macho yangu haya."

"Mbona hukuniambia, mdogo wangu?"

"Nikufundishe mimi? Si ulisema baba alikuachia wewe gari kwa sababu mimi hata spana sijui kushika?"

Watu wakaangua kicheko, nami nikiwemo, uongo wa nini. Mdogo mtu akafungua mlango wa gari lake jipya. Bibi harusi akamtazama baba yake, aliyekwisha kuingia chini ya gari na suti yake, akiomba dakika kumi tu.

"Baba, tutachelewa," alisema, akakusanya shela lake, akapanda kwa baba mdogo.